Kwa Nini Elektroni Hutembea Wawili Wawili Penye Baridi

Nipisheni nikae, kisha mninyamazie. Mmetoka kuona sumaku ikielea juu ya kijiwe cheusi kilichochovywa kwenye baridi kali, mkaja mbio kuniuliza kuna nini ndani ya kijiwe kile. Humo mna watu. Mkinipa sikio nitawapa habari zao. Mkipiga soga nitaondoka nazo.

Hapo kale jiwe lile lilikuwa la moto, limetoka tanurini, na mji uliokuwa ndani yake ulikuwa umepimwa kwa kamba. Nyumba zilijipanga safu kwa safu, mitaa imenyooka, na kona moja ukiiona umeziona zote. Wenye nyumba walikuwa wazee wa ukoo wa Shaba. Kati ya nyumba na nyumba palikuwa na uchochoro, na kila uchochoro ulikuwa na mwenyewe, binti wa ukoo wa Oksijeni, aliyekaa pale mkono mmoja ameshika ukuta wa huku na mwingine wa kule ili nyumba zisiachane. Mabinti hao walikuwa wanene, wazito, wenye madaha, na hakuna lililowaharakisha. Vyumbani mwa wazee wa Shaba, mtu mmoja kila nyumba, waliishi wapangaji wa ukoo wa Elektroni, watu wadogo, wepesi, wasio na simile.

Elektroni hawapendani, na hilo mlijue mapema. Si ugomvi wa shamba wala wa mirathi, wameumbwa hivyo. Mmoja akimsogelea mwenzake, wote wawili roho huwachafuka wakasukumana. Ndiyo maana siku zile mji ulikuwa umekwama. Kila nyumba ilikuwa na mpangaji wake, na hakuna aliyethubutu kuingia kwa jirani, basi wote walikaa vyumbani wakitazamana madirishani kwa jicho la pembeni. Umeme ulikuwa ukifika ukingoni mwa jiwe, ukibisha hodi, ukikosa wa kuubeba, ukarudi ulikotoka.

Mfinyanzi wa jiwe lile akachoka kuliona limelala tu. Akalisaga upya, akachanganya unga mgeni kidogo, akalichoma tena. Kwa njia hiyo watu wa ukoo wa Strontiamu wakaingia mjini, wakapewa nafasi ghorofani, juu ya nyumba za Shaba, mahali palipokuwa pa baadhi ya wapangaji wa zamani wa ukoo wa Lanthanamu. Wageni hao walikuja na upungufu wao, kwa kuwa kila mmoja alihitaji mtu wa ziada ili nyumba yake itimie. Haya hawakuwa nayo. Walishuka chini wakachukua Elektroni hapa na Elektroni pale, na vyumba kadhaa vya wazee wa Shaba vikabaki vitupu. Jirani wa chumba kitupu akahamia humo, wa nyuma yake akahamia kwake, na mji ukaanza kutembea. Umeme nao ukapata wachukuzi.

Lakini kutembea kwenyewe kulikuwa adhabu. Jiwe lilikuwa na joto bado, na kila kitu kilitetemeka: kuta, milango, mabinti vichochoroni. Elektroni alitoka na mzigo wake mbio, akajigonga bega kwenye kona, akajikwaa kwa mgeni, akaparamia ukuta. Kila alipojigonga nguvu zilimtoka, na nguvu zile ziligeuka joto, na joto likazidisha kutetemeka. Walifika ukingoni wamechubuka, wanahema, na mzigo hauna hata nusu ya uzito wake. Walijua hivyo ndivyo kazi ilivyo, wala hakuna aliyeuliza kama ingeweza kuwa vingine.

Mji ule ulikuwa na adabu zake za njiani. Mchukuzi akifika uchochoroni husema, "Nipishe, bibi," na mwenye uchochoro humjibu, "Njia yako." Akishapita hageuki nyuma. Kugeuka kulihesabiwa utovu wa adabu mkubwa, kama mgeni anayekula akashiba kisha akachungulia sufuria. Na juu ya maneno palikuwa na heshima kubwa zaidi. Binti wa Oksijeni akiridhika na mpita njia, humwinamia. Heshima hiyo haiombwi wala haiulizwi. Ukiulizia umeshaiharibu.

Katika mtaa mmoja wa mji huo aliishi Elektroni jina lake Mbwana. Alipanga kwa Mzee Vuai wa ukoo wa Shaba, na mlangoni pake palikuwa na uchochoro wa Mwanakombo. Alimpenda Mwanakombo tangu siku za kukaa vyumbani, alipokuwa akimtazama dirishani. Tangu kazi ilipoanza alipita mbele yake kila siku, akasema, "Nipishe, bibi," akajibiwa, "Njia yako," na sauti ile ilimtosha kumfikisha ukingoni. Hakudai zaidi. Katika joto lile hakuna aliyekuwa akiona mtu ameinama au amesimama, maana wote walikuwa wanatikisika.

Kisha jiwe likapoa. Baridi iliingia kidogo kidogo kutoka ukingoni, ikashuka mitaani, ikatuliza kuta, ikatuliza milango, mwishowe ikawatuliza mabinti wenyewe. Kwa mara ya kwanza mji ulionekana ulivyo. Asubuhi hiyo Mbwana alitoka na mzigo wake, na mbele yake alikuwa ametangulia jirani yake, Elektroni aitwaye Shekue. Shekue alipita kwa Mwanakombo. Mbwana alipokaribia akainua macho, akamwona Mwanakombo ameinama, mabega yote mawili, kuelekea njia aliyopita Shekue.

Alisimama akasahau hata mzigo. Binti yule mzito, asiyehangaishwa na lolote, ameinama kwa ajili ya Shekue, mtu wa mwendo wa kujitupatupa, asiyejua hata kufunga mzigo wake vizuri! Mbwana akajikaza, akasema, "Nipishe, bibi." Sauti ikamjibu, "Njia yako." Akapita, akasikilizia mgongoni, akasikilizia tena. Hakusikia kitu, na kugeuka hawezi. Alifika ukingoni, na usiku wote hakupata usingizi.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Shekue hupita, Mwanakombo huinama. Mbwana hupita, na mbele ya macho yake Mwanakombo hainami. Wachukuzi wengine walikuja kwa mbali, na walipofika binti alikuwa ameshajiinua, basi hakuna aliyeona ila yeye, na kuona peke yake kulimchoma zaidi. Alianza kumchunguza Shekue. Amevaa nini? Anapitaje? Akaiga mwendo wake wa kujitupa, akaacha. Akapita polepole akikohoa kidogo. Akapita kwa kasi. Akaupamba mzigo wake. Hakuambulia kitu isipokuwa "njia yako," ile ile anayopewa kila mtu, na sasa neno hilo lililomtosha zamani likawa kama maji ya kunawia.

Mzee Vuai alimwona anavyokonda. Wazee wa Shaba hukaa mahali pamoja siku zote na huona mengi, lakini huyu alipenda mzaha kuliko kusaidia.

"Mpangaji wangu," alisema, "una ugonjwa gani, mbona unatazama uchochoro kama paka anayetazama bucha?"

"Sina kitu, mzee."

"Huna kitu, lakini mwenzio anacho. Ndiyo?"

Mbwana akaanza kufunga mzigo wake upya, na mzee akacheka mpaka ukuta ukatingishika.

Siku hiyo wivu ulimpa shauri. Alisema moyoni kwamba Shekue lazima ana jambo analomfanyia binti yule wakati akipita, neno la siri au ishara ya mkono, naye atalikamata. Asubuhi Shekue alipotoka, Mbwana akatoka nyuma yake, karibu kuliko Elektroni yeyote alivyowahi kumfuata mwenzake. Roho ilimchafuka kwa ukaribu ule, lakini wivu ulikuwa na nguvu kuliko kichefuchefu. Shekue akapita. Hakusema neno la siri, hakutoa ishara. Mwanakombo akaanza kuinama, taratibu, na Mbwana akaingia pale pale alipoinamia.

Hapo likamkuta jambo asilolitegemea. Njia ilikuwa laini. Mwinamo wa binti ulikuwa umelivuta pembeni lile lililokuwa likimkwaza kila siku, na ukamvuta na yeye mwenyewe mbele, bega lisiguse ukuta. Uchochoro wa pili ukawa vivyo hivyo, na wa tatu, kwa kuwa kila binti aliyepitwa na Shekue alikuwa bado hajajiinua Mbwana alipofika. Alitokea ukingoni mzigo ukiwa mzima, hana mchubuko hata mmoja. Tangu mji kuumbwa hakuna aliyewahi kufika hivyo.

Mtu mwingine angepiga vigelegele. Mbwana alikaa chini akalia kwa hasira. Alielewa kwamba starehe ile haikuwa yake. Amepita kwenye heshima ya mwingine, amelamba sahani ambayo Shekue amekwisha kula. Aliona ni bora achubuke kwenye njia yake kuliko kuteleza kwenye njia ya Shekue. Na wivu ukifika hapo, wanangu, haumtaki tena mpenzi. Unachotaka ni mwenzako naye akose.

Alijua joto linatoka wapi. Siku iliyofuata hakumfuata mtu. Alitoka na mzigo wake akajigonga makusudi, kona kwa kona, mlango kwa mlango, akaparamia kila mgeni wa Strontiamu aliyemkuta njiani. Nguvu zilimtoka zikageuka joto. Kuta zikaanza kutikisika. Wachukuzi waliokuja nyuma wakakumbwa na mtikisiko, nao wakajigonga bila kutaka, joto likaongezeka, na kabla jioni haijafika mtaa mzima ulikuwa unatetemeka kama siku ya tanuri. Mwanakombo akashindwa kukaa imara. Mikono iliyoshika kuta ilimuuma, kichwa kilimwenda huku na huku, na hata kusema "njia yako" kukawa kwa kigugumizi. Mwinamo wake ukapotea ndani ya mtikisiko ule.

Mbwana alilitazama hilo akangoja furaha ije. Haikuja. Alimwona binti aliyempenda akihangaika kwa kazi ya mikono yake yeye, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Wala hakujua namna ya kulirudisha joto lile lilikotoka.

Katika zahama hiyo, mwanzoni mwa uchochoro wa Mwanakombo, akagongana uso kwa uso na Shekue. Mizigo ikaanguka. Walisukumana kama ilivyo desturi yao, kisha Shekue akafoka.

"Wewe ndiye uliyeleta balaa hili! Nimekuona unavyojigonga. Umekosa nini wewe, unayeinamiwa kila siku?"

Mbwana alidhani anakejeliwa. "Unanitania mbele ya mlango wake? Anayeinamiwa ni wewe. Nimeona kwa macho yangu, kila asubuhi, tangu jiwe lipoe."

"Mimi?" alisema Shekue. "Mimi sijainamiwa hata siku moja. Tukitoka ukingoni jioni kurudi, nani anakuwa mbele? Si wewe? Mimi niko nyuma yako, na kila jioni namwona Mwanakombo ameinama mabega mawili kwa ajili yako. Kila jioni! Nimekuchukia mpaka nimechoka."

Wakatazamana. Mtetemeko uliendelea kuzunguka pande zote, lakini wao walikuwa wamesahau kusukumana. Kila mmoja alikuwa akimtafuta mwenzake machoni kama anadanganya, na hakuna aliyekuwa na sura ya kudanganya. Wote wawili walikuwa na macho mekundu ya watu wasiolala.

Ndipo Mwanakombo aliposema. Sauti yake ilitikisika pamoja naye.

"Heshima haiulizwi, nami nimenyamaza kwa sababu hiyo. Lakini mmeniumiza, kwa hiyo nitasema. Mimi mwili wangu mzito. Mtu akipita mbele yangu, moyo unaniambia niiname saa ile ile, nami naanza kuinama saa ile ile. Lakini ninyi ni wepesi mno. Nikimaliza kuinama, niliyemwinamia ameshafika kwa jirani, na adabu inamkataza kugeuka. Anayeona ni yule ajaye nyuma."

Akapumzika, akashika ukuta vizuri.

"Mbwana, nimekuinamia tangu siku ya kwanza ya kazi, hata katika joto, ulipokuwa huwezi kuona. Shekue nimemwinamia vile vile. Kila abebaye mzigo mbele yangu namwinamia."

Mbwana alitaka kufurahi, akaona furaha ina mfupa ndani yake. Alitaka kuinamiwa peke yake, na sasa anaambiwa anainamiwa pamoja na wote. Tena hata hicho alichopewa hatakiona kamwe. Kugeuka hakuruhusiwi, na hata angegeuka angekuta binti ndiyo kwanza anaanza. Shahidi aliyekuwepo duniani alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Shekue.

"Ulisema mabega mawili?" aliuliza.

"Mawili," alisema Shekue. "Na kwangu?"

Neno lile lilikuwa gumu kwake kuliko mizigo yote aliyowahi kubeba. "Mawili," alisema.

Wakaacha kujigonga. Walikaa pale pale mpaka joto likaishiwa chakula, na baridi ikarudi ukingoni, ikashuka mitaani, ikamtuliza Mwanakombo. Asubuhi wakatoka. Shekue mbele, Mbwana nyuma yake kwa nafasi, si karibu sana maana roho zilikuwa bado zinachafuka, wala si mbali sana maana mwinamo haungoji. Mmoja alijizungusha kulia na mwingine kushoto, ili asije mtu akasema wamefanana. Walipita mtaa mzima bila kugusa ukuta. Ukingoni Mbwana akasema alichokiona, na jioni, wakati wa kurudi, Shekue akasema cha kwake.

Wenzao walipowaona wanafika na mizigo mizima, wakaingiwa na wivu nao. Kila Elektroni akajitafutia mtu wa kumfuata. Wawili hawa wakafuata njia ya wawili wale, na wale ya wengine, mpaka mji wote ukawa msafara mmoja. Mgeni akijaribu kumkwaza mmoja hakuweza, kwa sababu ingembidi kwanza ambandue kwa mwenzake, na katika baridi ile hapakuwa na nguvu ya kubandua. Umeme ukaingia ukingo huu ukatokea ule bila kupungua hata chembe.

Na tangu siku hiyo, penye baridi ya kutosha, Elektroni wa jiwe jeusi hutembea wawili wawili. Ukilitia jiwe joto, mabinti hutetemeka, mwinamo hupotea, na wao huachana wakarudia kuparamia kuta. Wageni wakiwa wachache mno hakuna chumba cha kuhamia, na wakizidi mno mji huharibika na jozi huvunjika. Kwa hiyo mfinyanzi hupima unga wake kwa uangalifu. Ukiwaondoa mabinti wa Oksijeni ukaweka ndugu zao walio wazito zaidi, mara nyingi jozi hutaka baridi kali zaidi ndipo zikae. Na ile sumaku yenu huelea kwa sababu msafara ule haumpishi mgeni wa nje. Sumaku ikinyoosha mkono kuingia, husukumwa.

Wapo wataalamu wanaosema si kuinama peke yake kunakowafunga wale wawili kwenye jiwe la Shaba, kuna na mambo mengine kati ya Elektroni wenyewe. Bado wanabishana, na waache wabishane. Hata Mzee Vuai, aliyekaa pale siku zote, husema hajaona yote. Ila msinijie hapa mkaniambia kwamba wale hutembea pamoja kwa kupendana. Nani kawaambia wanapendana? Hawajapendana hata leo, na mkiwasogeza karibu kidogo tu mtawasikia wakisukumana.

Mbwana hupita kwa Mwanakombo mpaka sasa. Husema, "Nipishe, bibi," hujibiwa, "Njia yako," na hapo hapo wivu wake wa zamani huamka, akaenda nao mgongoni bila kugeuka. Jioni akishalivuka jiwe lote, huweka mzigo chini akamngoja mtu asiyempenda.

"Ameinama?"

"Ameinama," Shekue humjibu.